Nyuma ya maneno ‘Na Mashirika’: Jinsi habari moja inavyofikia redio, runinga na tovuti nyingi duniani

MSOMAJI anayefungua kurasa za habari za kimataifa katika gazeti la Kiswahili nchini Kenya hukutana mara kwa mara na maneno mawili madogo chini ya kichwa cha habari: ‘Na Mashirika’. Wengi huyaruka, macho yakikimbilia habari yenyewe.

Maneno hayo hata hivyo ni alama ya biashara kongwe ambayo, lau isingekuwepo, redio, runinga na tovuti nyingi zingekosa la kutangaza kabla ya adhuhuri.

Ni biashara ya kusambaza maudhui kwa makubaliano. Chombo kimoja hukusanya habari, picha, sauti au kipindi, kisha huviuzia vyombo vingine, au huvipa bure, ruhusa ya kuvitumia kwa masharti maalumu.

Kwa msikilizaji na msomaji, utaratibu huu ndio huamua ni nani aliyeshuhudia tukio, ni nani aliyelithibitisha na, kosa likitokea, ni nani wa kuulizwa.

Asili ya kugawana habari

Sababu ya kwanza ya kugawana ni gharama. Ni vyombo vichache mno duniani vinavyoweza kumudu kuwa na waandishi Kinshasa, Kyiv, Washington na Beijing kwa wakati mmoja. Ni nafuu kulipa ada kwa shirika ambalo tayari lina watu huko.

Wazo hilo lilianza karne ya 19. Charles-Louis Havas alianzisha shirika lake jijini Paris mnamo 1835. Mnamo 1846 magazeti ya New York yalichanga fedha ili yasafirishe kwa pamoja habari za vita kati ya Marekani na Mexico. Muungano huo ndio uliozaa Associated Press (AP).

Paul Julius Reuter naye alitumia njiwa mnamo 1850 kupeleka habari za masoko ya fedha kati ya miji ya Aachen na Brussels, mahali ambapo nyaya za telegrafu zilikuwa hazijaunganishwa. Mwaka uliofuata alifungua afisi jijini London.

Mnamo 1870 Reuters, Havas na shirika la Wolff la Ujerumani yalitia saini mkataba wa kugawana dunia. Kila moja lilipewa eneo lake la kukusanya na kuuza habari. Reuters ilitwaa himaya ya Uingereza, nayo Havas ikapata maeneo ya Ufaransa na nchi kadhaa za kusini mwa Ulaya.

Ugawaji huo ulidumu hadi miaka ya 1930.

Mashirika ya leo hayafanani kwa umiliki. AP ni ushirika wa vyombo vya habari vya Marekani. Reuters ni sehemu ya kampuni ya biashara. Agence France-Presse (AFP), iliyorithi kazi ya Havas mnamo 1944, inaendeshwa kwa sheria maalumu ya Ufaransa. Xinhua ni mali ya serikali ya China, ilhali Shirika la Habari la Kenya (KNA), lililoanzishwa mwaka wa uhuru, 1963, liko chini ya serikali ya Kenya.

Tofauti hizo zina uzito, kwa kuwa anayelipa mishahara ya waandishi huathiri habari zipi zitafuatwa na zipi zitaachwa.

Safari ya habari moja

Ili kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda, chukulia kwamba Mto Tana umefurika karibu na Garsen, Kaunti ya Tana River. Mwandishi wa kujitegemea anayeishi eneo hilo ndiye wa kwanza kufika. Anapiga picha kwa simu, anawahoji waliohama makwao na afisa wa utawala, kisha anatuma maelezo kwa dawati la habari la kampuni moja jijini Nairobi.

Ugawaji wa kwanza hufanyika ndani ya nyumba hiyo hiyo. Kampuni kubwa za habari nchini humiliki gazeti, redio, runinga na tovuti kwa pamoja. Maelezo yale yale hukatwa kwa vipimo tofauti: sekunde 30 katika taarifa ya redio, dakika mbili za picha runingani, aya chache tovutini na robo ukurasa gazetini kesho yake.

Ugawaji wa pili hutokea pale mashirika ya kimataifa yenye afisi Nairobi yanapoona habari hiyo. Huwapigia simu maafisa, huongeza ya kwao, huandika kwa Kiingereza au Kifaransa na kuwatumia wahariri wao walio ng’ambo. Hao wakiidhinisha, habari huwafikia wateja wa mabara yote kwa dakika chache.

Ugawaji wa tatu ni wa idhaa za kimataifa. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle mjini Bonn, Ujerumani, inaweza kuipokea habari hiyo, kuitafsiri na kuitangaza. Kituo cha FM nchini Kenya ambacho ni mshirika wa idhaa hiyo huinasa kwa setilaiti au intaneti na kuirusha.

Hivyo mkazi wa Garsen huenda akasikia habari za mto unaopita nyuma ya nyumba yake zikitoka Bonn.

Kila mkono unaoipokea habari huipunguza au kuiongezea. Afisa aliyesema kwamba familia 200 ‘huenda’ zimeathirika anaweza kujikuta, baada ya tafsiri mbili, amesema kwamba familia 200 ‘zimeathirika’. Neno moja dogo likidondoka njiani, makisio hugeuka kuwa ukweli, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kinachouzwa ni ruhusa

Watu wengi hudhani kwamba chombo kikishalipia habari huwa kimeinunua na kinaweza kuitumia kipendavyo. Sivyo. Kinachouzwa ni ruhusa ya matumizi, na ruhusa hiyo ina mipaka.

Mpaka wa kwanza ni wa njia. Mkataba unaweza kuruhusu picha zitumike runingani lakini si katika tovuti ya runinga hiyo hiyo. Ndiyo maana baadhi ya vituo hukatiza matangazo yake ya intaneti wakati mechi fulani inachezwa, ingawa mtazamaji aliye na antena anaiona bila tatizo.

Mpaka wa pili ni wa mahali. Mwenye haki za Kenya hana ruhusa ya kuwahudumia watazamaji wa Oman au Kanada. Mitambo hutambua nchi anakotoka mtumiaji na kumzuia.

Mpaka wa tatu ni wa muda. Picha za michezo aghalabu huruhusiwa katika taarifa za habari kwa saa chache au siku chache tu, kisha sharti ziondolewe. Pia kuna maandishi yanayotumwa mapema kwa sharti kwamba yasichapishwe kabla ya saa iliyotajwa, mathalan hotuba au ripoti ya utafiti.

Mpaka wa nne ni wa uhariri. Baadhi ya mikataba huruhusu kufupisha na kutafsiri, ilhali mingine hukataza kugusa hata sentensi moja. Karibu yote hudai kwamba chanzo kitajwe.

Ada nayo hutegemea ukubwa wa mteja. Gazeti linalouza nakala nyingi au runinga yenye watazamaji wengi hulipa zaidi kuliko redio ya mji mdogo inayopokea maandishi yale yale.

Runinga: Picha za Korem

Mfano mkubwa wa nguvu za usambazaji huu katika runinga una mizizi yake Nairobi. Mpigapicha Mohamed Amin, Mkenya aliyefanyia kazi shirika la picha la Visnews, aliingia Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mnamo Oktoba 1984 pamoja na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk. Huko walikuta maelfu ya watu wakifa njaa.

BBC ilionyesha picha hizo Oktoba 23, 1984. Kama zingeishia hapo, zingekuwa habari ya Uingereza pekee. Visnews hata hivyo ilikuwa shirika la kuuza picha, na wateja wake walikuwa vituo vya runinga kote ulimwenguni. Picha hizo zilipita katika mtandao wa usambazaji na kuonyeshwa na zaidi ya vituo 400.

Matokeo yake yalikuwa mawimbi ya misaada ambayo hayakuwa yameonekana kabla, yakiwemo matamasha ya Live Aid yaliyofanyika London na Philadelphia mnamo Julai 1985. Njaa yenyewe ilikuwa imeanza muda mrefu kabla ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba picha zilipata njia ya kufika kwenye sebule za dunia.

Amin aliaga dunia Novemba 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Comoro.

Redio: Neema na hatari ya kutegemea

Katika redio, Wakenya wameyazoea matangazo ya Kiswahili kutoka nje kwa miongo kadhaa. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mnamo 1957, Sauti ya Amerika (VOA) mnamo 1962 na Deutsche Welle mnamo 1963.

Hapo awali msikilizaji alihitaji redio ya masafa mafupi na subira ya kuvumilia mikwaruzo. Vituo vya FM vilipochipuka Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990, idhaa hizo ziligeukia utaratibu wa redio washirika. Kituo cha hapa kilitenga nusu saa au saa nzima kila siku, nayo idhaa ya nje ikaijaza kwa habari.

Makubaliano hayo hufaidi pande zote mbili. Kituo kidogo hupata taarifa za dunia ambazo kisingeweza kuzigharimia, nayo idhaa hupata wasikilizaji bila kujenga mitambo. Mara nyingi hakuna fedha zinazolipwa. Malipo ni muda wa hewani.

Lakini wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Machi 14, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini agizo la kupunguza shughuli za wakala wa serikali unaosimamia VOA. Siku iliyofuata, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa shirika hilo walipewa likizo ya lazima. Baadhi ya masafa yake yakabaki yakicheza muziki mahali pa habari.

Redio washirika katika nchi nyingi zilijikuta na pengo katika ratiba zao, bila ya wao kukosea lolote. Uamuzi ulifanywa Washington, na msikilizaji aliyekosa taarifa yake hakuwa na pa kulalamikia.

Tovuti: Mashine zinapozungumza

Katika intaneti, usambazaji ulirahisishwa na kifaa kisichoonekana na msomaji wa kawaida. Mnamo 1999 wataalamu wa kampuni ya Netscape walibuni mfumo uitwao RSS. Huo ni mlisho, yaani faili ndogo iliyopangwa kwa namna ambayo mashine nyingine huweza kuisoma: kichwa cha habari, muhtasari, tarehe na kiungo.

Kila habari mpya inapowekwa tovutini, mlisho hujisasisha wenyewe. Tovuti nyingine iliyojiunga nao huipokea papo hapo bila mtu yeyote kunakili wala kubandika.

Mlisho huo huo ulipoongezewa uwezo wa kubeba faili za sauti, podikasti zilizaliwa. Kwa njia hiyo kipindi cha redio kiliacha kufungwa na saa ya kurushwa hewani, na mipaka kati ya utangazaji na intaneti ikaanza kufifia.

Kwa bara hili, mfano wa usambazaji mtandaoni ni allAfrica, tovuti iliyoanza mnamo 2000 na ambayo hukusanya na kusambaza habari za zaidi ya vyombo 100 vya Afrika chini ya majina ya waliozichapisha.

Tatizo ni kwamba habari ikiwa katika tovuti 50, mitambo ya kusaka kama Google haina hakika ipi ndiyo ya asili. Nakala huenda ikaonyeshwa mbele, nayo tovuti iliyomtuma mwandishi matopeni ikawekwa nyuma na kukosa wasomaji na matangazo ya biashara. Mnamo 2009 Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana juu ya alama maalumu ambayo tovuti huweza kuiweka katika nakala ili kuonyesha iliko habari ya asili. Alama hiyo hata hivyo hufaa tu iwapo aliyenakili ni mwaminifu kiasi cha kuiweka.

Kosa likiingia mtoni

Mtandao unaosambaza ukweli kwa kasi husambaza kosa kwa kasi ile ile. Novemba 16, 2020, Redio Ufaransa Kimataifa (RFI), ambayo pia ina idhaa ya Kiswahili, ilichapisha kwa bahati mbaya tanzia za watu mashuhuri wapatao 100 waliokuwa hai wakati huo. Miongoni mwao walikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, mwanasoka Pelé na Rais mstaafu wa Marekani Jimmy Carter.

Vyombo vingi huandaa tanzia mapema, na RFI ilikuwa ikihamisha tovuti yake hadi mfumo mpya. Kitufe kisichofaa kilifungua ghala hilo. Kwa kuwa tovuti hiyo ilikuwa imeunganishwa na washirika kama Google na Yahoo, tanzia hizo zilisambaa kabla ya mhariri yeyote kuzizuia. RFI iliomba radhi.

Mashirika yana dawa ya makosa ya aina hiyo: agizo la dharura kwa wateja wote waondoe habari au picha iliyotajwa. Machi 10, 2024, AP, AFP, Reuters na Getty yalitoa agizo kama hilo kuhusu picha ya Catherine, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, na wanawe. Ilikuwa imetolewa na kasri siku hiyo hiyo, na wahariri wa picha wakagundua dalili za kuchezewa.

Agizo humfikia mteja wa kwanza. Haliwafikii walionakili bila mkataba, wala halifuti kilichosemwa redioni asubuhi. Kwa sababu hiyo, habari iliyosahihishwa na mwenyewe huendelea kuishi kwa miaka katika tovuti zisizo na uhusiano naye.

Nani mwenye habari?

Sheria hutofautisha tukio na maneno yanayolieleza. Mkataba wa Kimataifa wa Berne kuhusu hakimiliki hauzilindi habari za kila siku zenyewe. Hakuna anayemiliki ukweli kwamba mto umefurika. Kinacholindwa ni namna mwandishi alivyoueleza, picha aliyoipiga na sauti aliyoirekodi.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya kuripoti matukio ya wakati uliopo, mradi chanzo kitajwe. Kunyakua makala nzima na kubadilisha jina la mwandishi si matumizi ya haki.

Mzozo wenyewe si wa leo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, shirika la International News Service lilikuwa likichukua habari za AP kutoka kwa mbao za matangazo na magazeti ya alfajiri ya mashariki mwa Marekani, kisha kuzituma kwa wateja wake wa magharibi, ambako saa zilikuwa nyuma. Mnamo 1918 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mshindani hana haki ya kuvuna ambapo hakupanda.

Kesi za leo ni za namna hiyo, ila mvunaji ni mashine. Julai 2023 AP ilitia saini mkataba wa kuiruhusu kampuni ya OpenAI kutumia sehemu ya hifadhi yake ya habari. Desemba mwaka huo, gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI pamoja na Microsoft kwa madai ya kutumia makala yake bila idhini kufunza programu za akili unde.

Kwa Afrika, swali la umiliki lina upande mwingine. Mnamo 1980 tume ya Unesco iliyoongozwa na Sean MacBride ilionya kwamba habari za dunia zilitiririka kwa wingi kutoka nchi tajiri kwenda kwa maskini, na kidogo mno kwa njia ya kurudi. Mataifa ya Afrika yalijaribu kuziba pengo hilo kwa kuunda Shirika la Habari la Afrika (PANA), lililoanza kazi jijini Dakar, Senegal, mnamo 1983.

PANA ilitegemea michango ya serikali, mingi ikichelewa au isifike kabisa, na baadaye ikalazimika kuundwa upya kama Panapress. Hadi leo ni jambo la kawaida kwa gazeti la Nairobi kupata habari za Goma au Khartoum kupitia Paris au London, ingawa miji hiyo iko karibu zaidi na Kenya.

Ya kuangaliwa na msomaji

Jina la mwandishi na mahali alipo huonyesha iwapo kuna aliyeshuhudia. Habari ya Goma iliyoandikwa na mtu aliye Goma haina uzito sawa na iliyoandikwa kwa simu kutoka Nairobi. Saa ya kuchapishwa husaidia kujua ni nakala ipi iliyotangulia. Habari moja ikiwa katika tovuti 20 kwa maneno yale yale, hizo si thibitisho 20. Ni ushahidi mmoja uliorudiwa.

Wahariri nao wana deni. ‘Na Mashirika’ humaanisha kwamba habari imeunganishwa kutoka vyanzo viwili au zaidi, lakini haimwambii msomaji ni vipi. Kuandika ‘AFP na Xinhua’ au ‘Reuters na mwandishi wa kujitegemea, Goma’ hakuchukui nafasi kubwa ukurasani, na humwezesha msomaji kupima mwenyewe anachoambiwa.

Yule mwandishi wa Tana River naye angenufaika. Mara nyingi jina lake ndilo la kwanza kuachwa njiani, ilhali yeye ndiye pekee aliyeyaona maji.